Mwaka Mkono wa Maestro Ulipojiendea

Tulimzika Faustin Jumamosi, na kwaya yake ikaimba vibaya. Nasema hivyo bila kumwonea mtu. Yeye mwenyewe angesema hivyo hivyo, tena kwa sauti, mbele ya padri. Besi walikimbia, soprano walilia badala ya kuimba, na kijana aliyesimama mbele kuwaongoza alikuwa akifuta pua kwa mkono ule ule aliotakiwa kuongoza nao. Nilikaa chini ya turubai pamoja na akina mama wa parokia, nimejifunga kitenge kama wao, na hakuna aliyejua kwa nini mimi, mjane wa mchuuzi wa samaki wa Kasenyi, nililia kupita ndugu wa marehemu. Mama mmoja aliniletea maji akaniuliza, "Pole, Maman. Mulikuwa famille moja?" Nikamjibu kwamba zamani tuliimba pamoja, na hilo ni kweli. Faustin alikufa kwa presha, ghafla, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, na watu walishangaa sababu kuliko walivyoshangaa kifo chenyewe, kwa maana tangu ujana wake mji ulikuwa umekwisha kuamua atakufa na ugonjwa gani. Ni ugonjwa uliomuua baba yake. Mimi niliuona ulivyoanza, katika mwaka ambao tulikuwa tuoane.

Mwaka huo ndio niliomaliza shule ya ualimu hapa Bunia, nchi ikiwa bado inaitwa Zaïre. Ukoo wangu hauhitaji maelezo mengi: kwetu, upande wa Irumu, tulifuga ng'ombe, na mimi nilijua kukamua kabla sijajua kusoma. Wazazi walinipangisha kwa Papa Gaspard, mwongozaji wa kwaya ya parokia, ambaye mji mzima ulimwita Maestro, wakidhani nyumba ya mtu wa kanisa ni mahali salama kwa msichana. Usalama wenyewe ulidumu mpaka jioni Faustin, kifungua mimba wa nyumba hiyo, aliponivutia kiti mezani kabla ya kumvutia baba yake. Mama yake aliona. Kuanzia siku hiyo nililala kitanda kimoja na Odette, binti yao mdogo, na Mama Faustin akapata kikohozi kilichokuwa kikizunguka nyumba kila mara mimi na kijana wake tulipobaki peke yetu barazani. Lakini alinipenda. Kabla ya Noeli jambo lilikuwa limekwisha kusemwa wazi: Pasaka ikipita, watu wangu wangekuja kuona nyumba, ng'ombe wangezungumzwa, na mimi na Faustin tungefunga ndoa. Sikuwa na tamaa nyingine duniani. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimetamani vitu vingine na kuvipata, lakini sijatamani tena kitu kwa mwili mzima namna ile.

Mazoezi ya kwaya yalifanyika sebuleni kwa Maestro, kwa sababu ukumbi wa parokia ulivuja. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya bluu mpaka usawa wa bega, juu yake chokaa, na pale ambapo besi waliegemea vichwa palikuwa na mstari wa mafuta ya nywele ambao Mama Faustin aliusugua kila Jumatatu huku akiwataja wenye vichwa hivyo mmoja mmoja. Kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kilichokufa funguo kadhaa, na Faustin alikuwa amejifunza kuzirukia. Baada ya mazoezi tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, na waliobaki sana walikula nasi bugali na mchicha wa lenga-lenga, na samaki wa chumvi, makayabu, siku za bahati. Maestro hakutaka karatasi. "Yenye iko naangalia karatasi, aende kuimba na karatasi," alikuwa akisema. Kwake kulikuwa na sheria moja: macho kwenye mkono. Mkono ukipanda, umepanda nao. Ukikata, umekata, hata kama unajua kabisa kwamba wimbo haujafika hapo. "Nikikosa, mukose na miye. Siye wote tukikosa pamoja, ule njo wimbo." Watu arobaini hivi, wauza unga na walimu na mafundi seremala, walikuwa wamefundishwa kutii mkono huo kuliko walivyotii wake na waume zao.

Kwa hiyo mkono ulipoanza kujiendea, tuliufuata. Kwanza lilikuwa bega la kulia, lilipanda kidogo kama mtu anayesema sijui. Kisha kifundo cha mkono kikawa kinajitupa pembeni mwisho wa mstari, na sisi alto tukawa tunaruka na sauti zetu pale pale kilipojitupa, tukiamini Maestro ametunga pambo jipya. Wimbo wa sadaka tuliouimba miaka yote ukapata kigugumizi kitamu katikati, na watu wakaupenda. Siku ya mkutano wa kwaya za parokia zote, akasimama kijana mmoja mwongozaji wa kwaya nyingine, amevaa suti inayomzidi, akaanza kuongoza huku akipandisha bega la kulia na kutupa mkono pembeni, kwa bidii kubwa. Alikuwa ameiga. Baada yake akaja mwingine, naye akatupa mkono. Ukumbi ukagundua kinachoendelea na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Maestro mwenyewe akacheka, bega likipanda na kushuka. Nilimgeukia Faustin ili tucheke pamoja. Alikuwa anamwangalia baba yake, hakuwa anacheka. Akaniambia polepole, "Papa hajui kama anafanya vile. Juzi nilimuuliza. Aliniambia, ni bega gani?"

Nafikiri tangu siku hiyo alikuwa amekwisha kujua jambo ambalo mimi nilikataa kulijua mpaka miezi mingine. Nyumba ilibadilika kupitia vyombo. Bilauri zilivunjika moja baada ya nyingine, na Mama Faustin akaacha kuzinunua, akawa ananiambia kwa sauti ya kawaida, "Josée, usiweke kikombe ya kioo. Leta ile ya plastiki." Maestro, ambaye sikuwahi kumsikia akimfokea hata mbwa, alirusha sahani ya maharage ukutani kwa sababu chumvi ilichelewa, kisha akakaa akiuangalia ukuta wa bluu kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyetupa. Siku nyingine alikaa mbele ya chakula bila kuanza. Hakukataa. Njaa alikuwa nayo, alituambia hivyo mwenyewe, lakini mkono wake ulichezacheza pembeni na haukwenda kwenye bugali mpaka mkewe alipomwambia, "Anza, Papa Faustin," na hapo akala vizuri. Jirani yetu aliyeuza mafuta ya mawese alikuwa na sauti inayovuka ua, na asubuhi moja, nikifua, nilimsikia akimwambia mteja, "Muzee iko nakunywa sasa. Niliona vile anatembea akitoka messe. Na ule ni mutu ya kanisa." Maestro hakuwa anakunywa hata bia ya Noeli. Halmashauri ya parokia ilikuja, watu watatu wenye huzuni ya kweli, wakakaa kwenye mabenchi ya kwaya na kumwomba apumzike kabla ya Kwaresima, Faustin ashike nafasi yake. Aliwajibu, "Miye nimesikia," akawaagizia chai.

Jumapili yake ya mwisho mbele, ulipofika wakati wa kupeana amani, alishuka kwenye mstari wetu na kunishika mkono. Vidole vyake vilinibana, vikalegea, vikabana tena, kwa mpigo, na hakuweza kuviacha vitulie. Mwili wangu uliutambua mwendo huo kabla yangu. Ni mwendo wa kukamua. Nilimtazama usoni na yeye alikuwa ananitakia amani kwa tabasamu lake lote, na mkono wake unanikamua. Sikumwambia mtu, kwa sababu ningesema nini?

Daktari tuliyempata alikuwa mtu wa Kisangani aliyekuja hospitali moja nje ya mji kwa muda, mnene, mwenye viatu vilivyopigwa rangi. Tulikwenda Maestro, Mama Faustin, Faustin na mimi, mimi kwa sababu nilikuwa tayari mtoto wa nyumba. Alimwambia Maestro atoe ulimi na asiurudishe, na ulimi ukarudi wenyewe. Kisha akampa vidole viwili: "Kamata, Papa. Usiachilie." Tukamwona daktari akivisikiliza vidole vyake. Akamwambia muuguzi neno la Kifaransa lenye maana ya mkono wa mkamuaji, na mimi nikajua kabla ya wenzangu kwamba amekipata alichokuwa anakitafuta. Aliuliza juu ya wazazi wa Maestro. Kisha Maestro akasema mama yake, kule Kpandroma, alikuwa "iko nacheza", ndivyo watu walivyosema, na kwamba alifungiwa chumbani kwa sababu walidhani amerogwa.

Daktari alipoeleza alieleza vizuri, na namshukuru hata leo. "Ubongo iko na vipande mingi," alisema. "Chini, katikati, kuko kipande yenye tunaita striatum. Papa, weye ni mutu ya chorale, nitakueleza na chorale. Batu yote banataka kuimba saa moja, si vile? Weye hauimbe, lakini unaonyesha: weye anza, weye ngoja. Striatum inafanya ile ile kazi. Mukono inataka kuruka, muguu inataka kwenda, mudomo inataka kusema, hata kasirani inataka kutoka, na striatum inasema: weye pita, weye nyamaza. Sasa mu kichwa yako ule maestro iko nakufa, polepole. Njo maana kila kitu inaimba wakati inataka. Na njo maana ingine saa hakuna kitu inaanza." Maestro alisikiliza kwa makini ya mtu anayeelezwa kazi yake mwenyewe. Akauliza, "Docteur, hauna maestro ingine ya kuweka pale?" Daktari akasema hana, na kwamba hata Ulaya hawana. Ugonjwa ulikuwa na jina, chorée, na ulikuwa ule unaotembea ndani ya damu ya ukoo.

Faustin ndiye aliyeuliza lililobaki. Daktari alitaka kumtoa baba yake nje kwanza, Maestro akakataa. "Ni kama kutupa pièce juu," daktari akasema, kidole gumba chake kikirusha sarafu isiyokuwepo. "Kila mutoto, mara moja. Upande moja anaikamata, upande ingine haikamate. Haiangalie kama ni mutoto ya kwanza ao ya mwisho." Faustin akauliza, "Na yenye hakuikamata?" Akajibiwa, "Ule amepona, na batoto yake yote bamepona. Haiwezi kumuruka na kwenda kukamata batoto." Akauliza tena namna ya kujua. Daktari alikunja mikono. "Hapa hakuna namna. Inajionyesha kisha trente ans, quarante ans, miaka makumi ine, ingine zaidi. Tunangojea." Tulirudi kwa miguu, Mama Faustin akiwa amemshika mumewe kiwiko, na Odette alitupokea mlangoni akiwa ametupikia viazi, akitaka tumsifu kwa kuwa havikuungua. Tulimsifu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, naye alikuwa amerushiwa pièce yake kama kaka yake.

Kwaresima ile mimi na Faustin tulizoea jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nilipokuwa nikichambua mboga jikoni alikuja akaketi kwenye kigoda, akasema, "Josée, leta vidole yako." Nikampa viwili. Akavishika, akatulia, akiniangalia usoni nisije nikamdanganya. "Inakamua?" "Hapana." "Sikiliza muzuri." "Faustin, haikamue. Achilia, mboga itanyauka." Hakuachilia. Kikohozi cha Mama Faustin kilifika mlangoni, kikaona, kikarudi. Kilikuwa kipimo cha hospitali, na ndilo penzi lote tulilopata, kwa sababu sisi tulikuwa watoto wa watu wa dini na nyumba ilikuwa ndogo. Kila siku nilimwambia hapana na kila siku ilikuwa kweli. Akina mama kwenye mazishi yake Jumamosi walikuwa wakinong'ona kwamba marehemu alikuwa mtu baridi, hakutaka wanawake. Nilikuwa na jibu, nikalimeza pamoja na maji.

Wiki moja kabla ya Pasaka alikuja dada mkubwa wa Mama Faustin kutoka Kpandroma, na gunia la viazi na maharage mapya. Walikaa nyuma ya nyumba wakimenya. Mimi na Faustin tulikuwa tunaleta maji kutoka kisimani, tumefika kwenye kona ya jiko, tukamsikia huyo mama mkubwa akisema, "Lakini siku ile siye tulikuja kuona nyumba yabo, baba yetu aliuliza. Miye nilikuwako. Aliuliza muzuri." Kwetu sote, kwao kama kwetu, kabla ng'ombe hawajatajwa, mzee wa upande wa msichana huuliza mbele ya watu: katika nyumba hii kuna ugonjwa unaoandama watu? Na wenye nyumba hujibu hakuna. Hakuna mtu anayelichukulia kuwa swali. Ni sawa na kubisha hodi. Ukijibiwa hakuna, maziwa yanapita, kila mtu anakunywa, mambo yanaendelea. Mama Faustin akasema, "Balijibu vile batu yote banajibu. Na ule bibi alikuwa nyuma, mu chumba. Nilisikia kiti inaanguka. Balisema ni mbuzi." Kisu chake kiliendelea kumenya. "Kama balisema ndiyo, weye haungeingia," dada yake akasema. "Singeingia. Na Faustin hangekuwako, na Odette hangekuwako. Sasa nifanye nini, Yaya? Nikasirikie batoto yangu juu balizaliwa?" Faustin alitua ndoo chini bila kumwaga hata tone. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza kama unakamua.

Pasaka yenyewe ilikuwa nzuri, na naikumbuka kwa uchungu kwa sababu hiyo. Faustin aliongoza. Maestro alikaa benchi la mbele, amevaa koti lake jeupe, mkono wake ukipanda na kujitupa jinsi ulivyotaka. Na katikati ya Gloria nikatambua kwamba sisi alto, mstari mzima, hatumwangalii Faustin. Macho yetu yalikuwa kwenye mkono uliokuwa benchini, tunakosa nao, kwa mazoea tu. Faustin aliona. Alishusha mikono yake yote miwili, akageuka kando, akatuacha tuimbe na baba yake mpaka mwisho. Watu walilia, na wengine waliokuwa wamesema Maestro ni mlevi walilia kuliko sisi.

Jumapili iliyofuata watu wangu walikuja kuona nyumba, wakiongozwa na Tonton Lazare, kaka mkubwa wa baba yangu, mtu mpole mwenye fimbo ya kizungu na masharubu. Nilikuwa nimechinja kuku na kupika tangu alfajiri, wali, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa Kasenyi. Upande wa Faustin msemaji alikuwa baba mdogo wake. Asubuhi hiyo huyo baba mdogo aliamua Maestro apelekwe kwa jirani muuza mawese na ifahamike kwamba amesafiri, na ni Faustin aliyemsindikiza baba yake kuvuka ua, amemshika kiuno, akarudi uso umekuwa wa kijivu. Mimi nilifurahi Maestro asionekane. Niliwaza mambo yapite tu, maziwa yanywewe, ng'ombe watajwe. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni na Mama Faustin, tumeshikana kama wasichana wawili, Tonton Lazare aliponyoosha mkono tayari kupokea kikombe cha maziwa, akauliza, kwa kukimbizakimbiza maneno, "Na mu nyumba hii, bandugu, hakuna ugonjwa yenye inaandama batu?" Baba mdogo akajibu papo hapo, "Hakuna, muzee, kwa neema ya Mungu."

"Iko," Faustin akasema. Kijana anayeoa hatakiwi kusema neno siku hiyo, anakaa, anaangaliwa. Alikuwa amesimama. "Samahani, Papa Mudogo. Iko, Tonton. Papa yangu hakusafiri, iko hapa kwa jirani. Iko mugonjwa ya kichwa yenye alitoa kwa mama yake. Haiponi. Miye, labda niko nayo, labda sina. Batoto yangu vile vile. Mumeuliza, njo maana najibu." Nilihisi vidole vya Mama Faustin vikipoa mkononi mwangu. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo sana, kana kwamba anajibu mtu aliyemuuliza zamani, "Sasa moja amesema." Tonton Lazare alikirudisha kikombe mezani, kimejaa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu hasira ningeweza kupambana nayo. Alisema, "Kijana, nimezunguka nyumba mingi na ile swali. Hakuna mutu alinijibu. Aksanti." Kisha, kwa adabu, wakala chakula changu chote, wakasifu sombe, wakaomba kumsalimia Maestro, wakavuka ua kumsalimia. Ng'ombe hawakutajwa. Nilielewa kwamba nitaondoka.

Nilimkuta Faustin kisimani, nikamfokea kama sijawahi kumfokea mtu. "Juu ya nini haukunyamaza? Batu yote bananyamaza."

"Mama yangu, balimunyamazia."

"Miye najua kila kitu. Nilikuwa kwa docteur. Hakuna mutu ananidanganya."

"Weye unajua, Josée. Mutoto yenye atakuja, ule nani atamuuliza?"

"Basi tusizae."

Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kisha miaka kumi batakuita tasa. Mama yako, dada zako, batu ya chorale. Batakuita vile mbele yangu. Na weye unapenda batoto, ninakuona na Odette."

"Nitangojea, basi. Mpaka tujue."

"Kungojea mpaka lini? Docteur alisema hata quarante, hata zaidi. Utakuwa muzee juu ya mukono yangu?"

"Nitakuwa muzee," nikasema, na nilimaanisha. Nikamnyooshea vidole viwili. Aliviangalia muda mrefu, akaweka mikono yake mifukoni. Nikamwambia hanipendi. Akajibu, "Kama unataka kuamini vile, amini, itakusaidia." Haikunisaidia hata siku moja. Nilifanya mitihani nikiwa napanga kwa masista, nikapita kwa alama nzuri, na sikumbuki swali hata moja.

Nafahamu mtu akisoma haya atatafuta wa kumlaumu. Mimi nimetafuta kwa miaka, sikumpata. Maestro alikufa mikononi mwa mkewe, amekonda, akimezeshwa uji, na mpaka mwisho ukimwimbia alitulia kidogo. Odette aliolewa, akazaa binti, na alipofika miaka thelathini na kitu bega lake la kulia likaanza kupanda. Faustin alimuuguza na kumlea yule binti. Mimi niliolewa Kasenyi na mtu mwema aliyecheka kwa urahisi, tukauza samaki, tukavuka ziwa kukimbia vita na kurudi, tukapata watoto wanne. Sitaki hata mmoja wao asiwe amezaliwa. Nilipofiwa na mume nilirudi Bunia, nikamkuta Faustin akiongoza kwaya, ameota mvi, mikono yake imetulia, tukasalimiana kanisani kwa kuinamishiana vichwa. Hakunigusa. Kila mwaka uliopita bila bega lake kupanda, alisubiri mwaka mwingine.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, alikuja kwangu alasiri moja, bila kutangaza. Nilimpa kiti barazani na chai. Alieleza kwamba binti wa Odette amepata mchumba, na kwamba daktari mmoja kijana amechukua damu ya binti huyo na kuipeleka nje ya nchi, siku hizi inawezekana. Msichana aliogopa sindano, basi yeye, mjomba wake, akakunja mkono wa shati naye akatolewa damu, kumpa moyo tu. Majibu yalikuwa yamekuja. Ya binti hakuniambia, na sikumuuliza, ni yake. Alizungusha kikombe chake cha kioo mezani, hakukimwaga.

"Miye sina," akasema. "Sikukuwa nayo hata siku moja."

Nilidhani ningefurahi. Nilikuwa nimemwomba Mungu jambo hilo kwenye ibada ngapi, upande huu wa ziwa na upande ule. Nikasema, "Basi uko muzima."

"Nilikuwa muzima siku ile Tonton yako aliuliza." Aliangalia barabarani, watoto wa shule walikuwa wakipita na mikoba vichwani kukinga mvua. "Josée. Batoto yetu bangekuwa bazima."

"Ndiyo," nikamwambia. "Bote."